Homa Ijumaa usiku, kafariki Jumapili alfajiri: kemo ya mapafu ndiyo imemuua mzee?

#1 MtotoWaReli
Wakuu, heshima kwenu. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Mzee wangu alikuwa na miaka 63, mstaafu wa reli, sigara aliacha uzeeni. Mwaka jana alianza kukohoa. Eksirei ikaonyesha kivuli juu upande wa kulia, makohozi yakapimwa hayana kitu, akanyweshwa dawa za TB miezi sita hivyohivyo. Kivuli kikakua. Ndipo tukamleta Dar, CT skani, wakatoa kinyama, jibu likaja kuwa ni saratani ya mapafu, ile ya seli ndogo.

Akaanzishiwa kemo, yaani dawa za saratani, sisplatini na etoposaidi, siku tatu mfululizo halafu anapumzika mpaka wiki tatu zitimie. Mzunguko wa kwanza aliupita kama mchezo. Wa pili ukaanza Jumanne, na mionzi ya kifua ikaanza pamoja nao. Wiki iliyofuata kaka yake akafariki Kilosa. Tukamkataza, hakusikia. Ijumaa akatoka kwenye mionzi akapanda basi.

Usiku huohuo akaanza kutetemeka, meno yanagongana. Wakaenda duka la dawa, akatobolewa kidole, mistari miwili: malaria. Akapewa Mseto na Panadol. Jumamosi asubuhi kaamka ana nafuu, kanywa uji kikombe kizima, kataniana na wajukuu. Saa sita mchana akaanza kuniita kwa jina la marehemu kaka yake. Miguu ya baridi kama ya samaki. Hospitali ya karibu (jina naliacha) walipima presha, 70 kwa 40. Dripu, oksijeni. Jumapili saa kumi na moja alfajiri, basi.

Sasa shangazi anasema mimi ndiye niliyempeleka mzee akachomwe sumu. Binamu anasema alipata kitu msibani. Cheti kimeandikwa "nimonia na saratani ya mapafu". Arobaini inakaribia na kutakuwa na kikao. Naombeni mwenye uelewa, ni kipi hasa kilichomuua?

#2 Mzee_Kobe
Pole sana kijana. Mstaafu wa reli ni mwenzangu huyo. Ngoja waje wataalamu, nimeweka kiti hapa.

#3 DawaAsilia
Pole. Bila kuzunguka, kemo ni sumu. Haichagui, inaua saratani na inaua mtu. Angekunywa majani ya mtopetope na mlonge angekuwa hai. Wenye kuhitaji waje faragha.

#4 Nesi_ZamuYaUsiku
@DawaAsilia shika adabu, hapa kuna msiba.

@MtotoWaReli pole kaka. Nimefanya wodi ya saratani miaka kadhaa. Kuna karatasi moja nataka uitafute: picha ya damu, FBP, waliyopima ile Jumamosi. Tazama mstari wa seli nyeupe, halafu chini yake nyutrofili. Ukiipata tuwekee hapa, funika jina.

Hesabu yangu ni hii. Jumanne ni siku ya 1. Ijumaa ya wiki ya pili ni siku ya 11. Kemo haiui seli za saratani peke yake, inakamata kila seli inayozaliana haraka: nywele, ngozi ya ndani ya mdomo na utumbo, na kiwanda cha damu kilichomo kwenye uboho wa mifupa. Nyutrofili ndio askari wa mstari wa mbele, na maisha yao ni mafupi, kwa hiyo kiwanda kikisimama wao ndio wanaoisha kwanza. Kwa dawa nyingi kiwango cha chini kabisa kinakuja kati ya siku ya 7 na ya 14. Mzee aliugua katikati kabisa ya dirisha hilo.

Homa ya siku hizo hatuiiti homa, tunaiita dharura. Antibiotiki ya mshipa inatakiwa iingie ndani ya saa moja tangu mgonjwa afike mlangoni.

#5 Mzee_Kobe
Seli nyeupe za kawaida si 4 mpaka 11? Kwa hiyo zikishuka chini ya 4 tu mtu yuko hatarini?

#6 Nesi_ZamuYaUsiku
Hapana mzee wangu. Chini ya 4 utaona watu wengi tu wanatembea mjini. Tunachoangalia ni nyutrofili peke yake. Chini ya 0.5, yaani askari 500 kwa tone dogo la ujazo wa milimita moja, hapo ndipo mlango uko wazi. Chini ya 0.1 hakuna mlango wala ukuta.

#7 MtotoWaReli
Nimeipata, ilikuwa kwenye mfuko wa koti lake. Seli nyeupe 0.7. Nyutrofili 0.1. Damu 9.2. Chembe sahani 61.

#8 Nesi_ZamuYaUsiku
Mungu amrehemu.

#9 Mpiga_Eksirei
Nakubaliana na Nesi kwenye namba, ila tusifunge faili mapema. Mleta mada kasema uvimbe ulikuwa juu kulia na uliendelea kukua. Uvimbe wa seli ndogo mara nyingi unakaa karibu na mzizi wa pafu, pale bomba kubwa la hewa linapogawanyika. Ukilibana bomba, sehemu ya pafu iliyo mbele yake inakuwa kama mtaro ulioziba: makohozi hayatoki, yanachacha. Unapiga antibiotiki, homa inashuka siku tatu, inarudi, kwa sababu mtaro bado umeziba. Wengine hufikia kuwa na jipu kabisa ndani ya pafu.

Ongeza na sigara. Njia za hewa zina vinyweleo vinavyofagia uchafu kwenda juu. Mvutaji wa miaka thelathini ufagio wake ulishakwisha kabla saratani haijabisha hodi.

Kwa maneno mengine hata bila kemo mzee angeweza kupata nimonia hiyohiyo. Eksirei ya Jumamosi ilisemaje?

#10 MtotoWaReli
Waliandika "kivuli juu kulia kama awali". Daktari alisema hakuna jipya, kifua ni kilekile.

#11 Mpiga_Eksirei
"Kama awali" hiyo ndiyo inanitisha. Kivuli cha uvimbe na kivuli cha nimonia vikikaa sehemu moja, kwa eksirei ya kawaida huwezi kuapa kwamba ni kimoja au ni viwili.

#12 Nesi_ZamuYaUsiku
Na kuna jambo watu hawalijui: usaha ni nini? Ni maiti za nyutrofili. Asiye na nyutrofili hatoi usaha, hatoi makohozi ya kijani, jeraha lake halivimbi, na nimonia yake inaweza isionekane kwenye eksirei siku ya kwanza. Homa inabaki kuwa ndiyo kelele pekee mwili unayoweza kupiga. Ukimpa Panadol umeizima king'ora, mwizi yuko ndani.

#13 MtotoWaReli
Dada Nesi, hapo kwenye Panadol umenichoma. Mimi ndiye niliyewaambia kwa simu wampe. Nilikuwa bado niko Dar, nilifika Kilosa asubuhi.

#14 Nesi_ZamuYaUsiku
Samahani kaka, sikukusudia. Wengi hawaambiwi. Na wakiambiwa, wanaambiwa siku ileile wanapoelezwa mambo mengine ishirini, kwa haraka, wakiwa wamesimama dirishani.

#15 Wa_Githurai
Pole sana ndugu. Mimi niko Nairobi, mamangu alikuwa na hiyo kansa ya mapafu pia. Sisi daktari alituambia kitu moja tu: joto likifika 38, mkuje, hata kama ni saa tisa usiku. Nilinunua kipimajoto ya dijitali, nikachukua manila nikaandika kwa maka peni kubwa NIKO KWENYE KEMO, SIKU YA NGAPI, SIMU YA MTOTO. Ilikaa kwa mkoba wake. Siku ile alishikwa na homa, yule soja wa geti aliisoma akatupitisha bila maneno. Akapewa dawa haraka, akakaa wadi siku sita, akarudi nyumbani.

Aliaga baadaye, lakini si kwa hiyo.

#16 Mzee_Kobe
Hiyo manila nimeipenda. Ila mimi nimewahi kusoma kwamba homa ya kuhofia ni 38.3, siyo 38.

#17 Nesi_ZamuYaUsiku
Vyote viwili viko sawa mzee. Vitabu vinasema 38.3 ukipima mara moja, au 38.0 iliyodumu saa nzima. Hospitali nyingine wamekata mzizi wa fitina, wanasema 38 basi, maana nani atakaa na saa mkononi usiku? Na kwapani panasoma chini kidogo kuliko mdomoni. Usipime njia ya haja kubwa kwa mgonjwa wa kemo, ngozi ya huko imekonda, unaweza kuwafungulia vijidudu njia.

#18 Kohozi
Mimi ni wa kliniki ya kifua kikuu, huko watu wananiita kwa jina hilohilo. Mbona mmeiruka TB? Mzee kanywa dawa miezi sita bila uthibitisho wa maabara. Je, GeneXpert, kile kipimo cha mashine cha vinasaba vya TB, ilifanyika au ni makohozi ya hadubini tu? Hadubini inakosa wengi. Na msidhani mtu anachagua moja. Pafu moja linaweza kubeba TB na saratani pamoja. Kovu la zamani la TB likilainishwa na kemo na dawa za jamii ya steroidi, zile zinazoshusha kinga, kijidudu kilicholala miaka ishirini kinaamka.

Tangu yule daktari Mjerumani, Robert Koch, alipokitangaza kijidudu hicho Berlin tarehe 24 Machi 1882 kimetufundisha kitu kimoja, hakina haraka.

#19 Mzee_Kobe
Huyo Koch alikuja mpaka Dar, mwishoni mwa miaka ya 1890, enzi za Wajerumani. Ile hospitali ya pale Ocean Road ilijengwa wakati wao, leo ndiyo ya saratani. Kwa hiyo mgonjwa wa mapafu akienda pale anakanyaga nyayo za baba wa TB.

#20 Kohozi
Historia tamu mzee, asante.

#21 Nesi_ZamuYaUsiku
@Kohozi kwa heshima, umejijibu mwenyewe: haina haraka. TB inamkausha mtu kwa wiki na miezi. Mzee katetemeka Ijumaa usiku, presha imelala Jumamosi mchana. Huo ni mwendo wa bakteria wa kwenye damu, tena wale wa utumboni: E. coli, Klebsiella, au yule mwenye roho mbaya, Pseudomonas. Utando wa utumbo umechubuliwa na kemo, wanapenya kwa miguu yao wenyewe. Hawakuhitaji kutoka msibani.

#22 Kohozi
Sijasema TB ilimuua kwa saa 30. Nasema inaweza kuwa ilikuwemo na ikamlainisha.

#23 MamaMbili
Samahani kuingilia mada. Mama yangu ana saratani ya mapafu, kemo alipewa Jumatano ya wiki iliyopita. Leo kutwa alikuwa vizuri. Sasa hivi saa nne usiku ana 38.4 kwapani na anasema anasikia baridi. Saa mbili nilishampa Panadol. Mwenyewe anataka tusubiri asubuhi maana kesho ana kliniki. Tuko Mbagala. Nisubiri?

#24 Nesi_ZamuYaUsiku
Usisubiri. Leo ni siku ya 9. Toka SASA. Kama hospitali yake ni mbali, nenda hospitali kubwa ya karibu yenye dharura ya saa 24. Beba kadi ya kliniki na karatasi za kemo. Ukifika usikae kwenye benchi la wanaokohoa, nenda dirishani useme kwa sauti: "Yuko kwenye kemo, siku ya 9, ana homa 38.4." Waambie na saa uliyompa Panadol. Wakisema wapime malaria wapime, lakini antibiotiki isisubiri jibu.

#25 Wa_Githurai
Dada enda. Mvalishe sweta na barakoa muende.

#26 MamaMbili
Bajaji imefika.

#27 Mzee_Kobe
Wengine wote tunyamaze kidogo basi.

#28 Maabara_Pemba
Tumesubiri, sasa naomba niseme langu. Mleta mada, ile mistari miwili ya malaria. Mzee alikuwa ameumwa malaria siku za karibuni?

#29 MtotoWaReli
Ndiyo, kama wiki tatu kabla. Alitibiwa, akapona.

#30 Maabara_Pemba
Nilijua. Kile kipimo cha kutoboa kidole hakitafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta protini yake, na hiyo protini inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Mtu aliyepona juzi anaweza kusoma mistari miwili leo. Ndiyo maana kwetu mgonjwa wa namna hiyo tunamwekea tone kwenye kioo tutazame kwa hadubini. Mzee huenda hakuwa na malaria hata kidogo, na usiku mzima ukaliwa na Mseto.

La pili, na mtanicheka. Minyoo.

#31 Mzee_Kobe
Nilikuwa nimejizuia kucheka tangu #27, umenishinda.

#32 Maabara_Pemba
Cheka lakini sikiliza. Kuna mnyoo mwembamba sana, Strongyloides, anaingia kwa unyayo mtupu kwenye udongo wenye unyevu. Tofauti na wenzake, huyu anazaa humohumo ndani na kizazi kipya kinajiambukiza upya kwa mwenyeji yuleyule, kwa hiyo mtu anaweza kuishi naye miaka na mikaka bila kujua. Kabla ya kemo mzee alipewa nini cha kuzuia kutapika? Deksa. Hiyo ni steroidi. Steroidi inamfungulia mnyoo huyu kazi. Anazaliana kupita kiasi, anatoboa utumbo, anapanda mapafuni, na kila mmoja amebeba mgongoni bakteria wa kinyesi. Matokeo yake ni hayohayo anayosema Nesi, E. coli kwenye damu. Na ile albendazoli ya kumeza mara moja haimtoi vizuri, dawa yake ni ivamektini.

#33 Nesi_ZamuYaUsiku
Inatokea, sikatai. Ila deksa ya kutapika ni ya siku chache tu. Wengi ninaowasoma wamepata hilo ni wale wa steroidi za muda mrefu.

#34 Maabara_Pemba
"Wengi", siyo wote. Kilosa ni shamba tupu, mzee kakulia pekupeku kwenye mpunga.

#35 MtotoWaReli
Kweli alikulia kwenye mpunga.

#36 Shomari_Maskati
Assalaam alaykum. Mimi niko Maskati, asili yetu Unguja. Hapa ami yangu alitibiwa mapafu kwa dawa mpya za kuamsha kinga, pembrolizumabu. Hizi haziui askari kama kemo, zinawaondolea kigwe waishambulie saratani. Mwezi wa nne wakaligeukia pafu lake mwenyewe. Kikohozi kikavu, pumzi fupi, kila mtu akasema nimonia, akapigwa antibiotiki wiki nzima, wapi. Kumbe ni pafu limewaka bila kijidudu chochote. Wakampa predinisoloni, nayo ni steroidi, nyingi miezi miwili. Akapata nafuu, halafu hiyo predinisoloni ikamletea nimonia ya kweli, ya kuvu wa Pneumocystis, wale waliokuwa wakiwaua wagonjwa wa ukimwi zamani. Alikaa kwenye oksijeni wiki tatu. Daktari mwengine alipolitazama faili akauliza, "Mbona hamkumpa Septrin?" Vidonge vya senti chache.

Yaani nimonia mbili, moja si nimonia na ya pili imeletwa na dawa ya ile ya kwanza. Hivyo huyo mzee wetu huenda mionzi ndiyo iliyolichoma pafu.

#37 Mpiga_Eksirei
Shekhe, pole ya ami. Kwa mionzi muda haukubali. Pafu kuwaka kwa mionzi kunajitokeza wiki kadhaa mpaka miezi baada ya kumaliza, siyo wiki ya pili ukiwa bado unapigwa. Na presha haianguki namna ile.

#38 Shomari_Maskati
Sawa, nimeirudisha.

#39 Mla_Kachumbari
Mimi nauliza la jikoni. Shemeji yangu yuko kwenye kemo, tumeambiwa asile kachumbari, matunda yenye maganda, maziwa mgando, yaani anakula kama yuko jela. Ni kweli?

#40 Nesi_ZamuYaUsiku
Zamani tulikataza vyote vibichi. Baadaye wakalinganisha wanaokatazwa na wasiokatazwa, hawakuona tofauti ya maana kwenye maambukizi. Aoshe, amenye, ale. Nyama na mayai viive, maziwa yachemshwe, chipsi za barabarani na juisi ya muwa yenye barafu ya kutoka usikojua aache. Mikono ya wapishi na wageni ndiyo ya kuangalia zaidi kuliko nyanya. Mgonjwa aliyekonda kwa kunyimwa chakula naye hana askari.

#41 DawaAsilia
Na rozela je? Na majani ya mpapai? Yanapandisha damu, hilo hata nyinyi wa hospitali mnalijua.

#42 Maabara_Pemba
Unachanganya vyumba. "Damu" mnayoisema nyinyi ni ile nyekundu, namba ya 9.2 pale juu. Hiyo haikumuua mtu. Anayetakiwa ni mweupe. Hata umwongezee mgonjwa chupa tatu za damu, nyutrofili hazipandi.

#43 Mzee_Kobe
Wekundu wa rozela na wekundu wa damu ni ndugu wa rangi tu, hahaha.

#44 MamaMbili
Wapendwa, niko wodini. Walimpokea haraka, wakachukua damu kwenye chupa mbili za kuotesha, mkono huu na mkono huu, kisha dripu ya dawa ikaanza saa sita kasoro. Nyutrofili 0.2. Asubuhi hii joto 37.6. Amelala. Jirani wa kitanda naye ni wa kemo, alikaa nyumbani siku mbili, hali yake siyo nzuri. Asanteni.

#45 Wa_Githurai
Asante Mungu.

#46 MtotoWaReli
Nimefurahi dada. Kweli nimefurahi.

Nina swali jingine. Kule Kilosa walimpa seftriaksoni. Hiyo ni sahihi? Na nimesikia kuna sindano ya kupandisha seli nyeupe, mbona mzee hakupewa?

#47 Nesi_ZamuYaUsiku
Seftriaksoni ndiyo iliyoko kila mahali na bora hiyo kuliko kusubiri. Tatizo lake haimgusi Pseudomonas. Kwa hawa tunatafuta piperasilini na tazobaktamu, sefepimu au meropenemu. Hospitali ndogo hazinazo kila siku, na siwalaumu wale waliokuwa zamu.

Sindano unayosema ni filgrastimu. Inaanza siku moja hadi tatu baada ya kemo kuisha, inafukuza kiwanda kifanye kazi haraka, mgonjwa analalamika mifupa inauma. Ingeweza kusaidia. Lakini kwa anayepigwa mionzi ya kifua wakati huohuo madaktari wengi wamekuwa wakisita, kuna matokeo ya zamani yaliyowatisha. Kwa hiyo sidhani walimsahau. Waulize.

#48 Mpiga_Eksirei
Mimi bado niko na mtaro wangu. Na niongeze kingine ambacho hakuna aliyekitaja: damu kuganda. Saratani ya mapafu inagandisha damu miguuni, kipande kinachomoka kinaziba mshipa wa pafu. Mzee alikaa kwenye basi saa ngapi?

#49 MtotoWaReli
Dar mpaka Kilosa, na foleni ya kutoka mjini, karibu saa nane.

#50 Nesi_ZamuYaUsiku
Kuganda kwa damu hakumtetemeshi mtu meno yakagongana.

#51 Mpiga_Eksirei
Hakukatazi vyote viwili.

#52 Mzee_Kobe
Mpaka sasa tuna kemo, mtaro, TB, mnyoo, mionzi (imerudishwa), damu kuganda, na rozela. Kijana alikuja na swali moja, ataondoka na saba.

#53 MtotoWaReli
Leo nilirudi Kilosa kuchukua faili. Kumbe damu ya kuotesha ilichukuliwa na ikapelekwa mkoani. Chupa moja. Jibu lilifika mzee akiwa ameshazikwa: "Hakuna kilichoota baada ya siku 5."

Kwa hiyo hakukuwa na maambukizi?

#54 Nesi_ZamuYaUsiku
Hapana, haimaanishi hivyo. Kwenye homa za namna hii chupa nyingi hazioti kitu, zinazoota ni kama robo au pungufu. Halafu angalia muda: damu ilichukuliwa kabla au baada ya seftriaksoni?

#55 MtotoWaReli
Dawa imeandikwa saa 7:40. Damu saa 9:15.

#56 Nesi_ZamuYaUsiku
Baada. Basi chupa ilipelekwa ikiwa na dawa ndani yake.

#57 Kohozi
Na kijidudu cha TB hakioti kwenye chupa ya kawaida kwa siku tano, kinataka wiki. Sijashinda, lakini sijashindwa.

#58 Mpiga_Eksirei
Usaha uliofungiwa nyuma ya uvimbe nao si lazima utoke kwenye damu.

#59 Maabara_Pemba
Mnyoo hatafutwi kwenye chupa, anatafutwa kwenye choo na makohozi. Kuna aliyetazama?

#60 MtotoWaReli
Hakuna.

#61 DawaAsilia
Ndiyo maana nasema kemo.

#62 Wa_Githurai
Bro, hata wewe umeshinda sasa?

#63 Mzee_Kobe
Chupa isiyoota kitu imemwotea kila mtu lake.

#64 MtotoWaReli
Wakuu nimesoma yote mara mbili, nimemsomea na mama. Kikao ni Jumamosi. Nimenakili zile namba kwenye daftari, 0.7 na 0.1, na saa zote tangu Ijumaa usiku. Shangazi amesema na yeye atakuja na mtu wake wa kueleza, sijui ni nani. Mama hakuuliza chochote kuhusu kemo wala malaria. Aliuliza kama mzee alipokunywa ule uji wa asubuhi alikuwa ana nafuu kweli, au ni Panadol.

#65 Nesi_ZamuYaUsiku
Mwambie uji ulikuwa mtamu. Hilo la Panadol niachie mimi.

#66 MamaMbili
Tumeruhusiwa leo, siku ya saba. Mzunguko ujao wamesogeza mbele wiki moja na watapunguza dozi. Klebsiella iliota chupa zote mbili. Dada wa kitanda cha jirani hatunaye. @Wa_Githurai ile manila ulitumia saizi gani? Naona ya kawaida haiingii kwenye mkoba wa mama.

#67 Wa_Githurai
Kata nusu ya nusu, halafu uipige plastiki kwa wale wa kutoa kopi.